Dawa Ileile, Mionzi Ileile, Matokeo Tofauti: Tiba ya Kinga na Saratani ya Kichwa na Shingo

Kabla mgonjwa wa saratani ya koo hajapigwa mionzi hata mara moja, hutengenezewa kinyago. Mtaalamu wa mionzi huchukua bamba la plastiki lenye vitundu vidogo vidogo, hulitumbukiza kwenye maji ya moto mpaka lilegee, kisha hulitandaza juu ya uso na shingo ya mgonjwa aliyelala chali. Hulibonyeza taratibu kwenye paji la uso, pembeni mwa pua, chini ya kidevu. Plastiki ni vuguvugu na inabana. Baada ya dakika chache inakauka ikiwa imeshika sura ya mtu huyo, na kingo zake hufungwa kwa vibanio kwenye kitanda cha mashine. Tangu hapo, kila atakapokuja atalala chini ya sura yake mwenyewe bila kujitikisa, kwa kuwa mashine inalenga kwa vipimo vya milimita.

Atakuja mara 35. Siku tano kwa wiki, wiki saba, Grei 2 (Grei ni kipimo cha mionzi) kila siku mpaka zitimie Grei 70. Kila baada ya wiki tatu atatundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya kemo inayozidhoofisha seli za saratani ili mionzi izimalize. Kufikia wiki ya tatu au ya nne utando wa mdomo huwa umeanza kuchubuka, mate yanakauka, ladha ya chakula imepotea na kumeza maji tu kunauma. Wapo wanaolazimika kulishwa kwa mrija. Hiyo ndiyo tiba ya msingi kwa wengi ambao saratani ya kichwa na shingo imekwisha kukua lakini haijasambaa mbali, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Wengi wanapona. Lakini kwa wale ambao ugonjwa wao hautokani na virusi vya HPV (vilevile vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi), takriban nusu hurudiwa na saratani au hufariki ndani ya miaka michache.

Basi dawa za tiba ya kinga, zinazoiwezesha kinga ya mwili kupambana na saratani, zilipoingia, wazo la kuziunganisha na mionzi lilikuja lenyewe. Kilichofuata watu wengi wamekisikia nusu nusu. Kuna waliosikia kwamba muungano huo umeshindwa, na kuna waliosikia kwamba umeidhinishwa. Yote mawili ni kweli, na mgonjwa au ndugu anayejaribu kuelewa hubaki njia panda. Ninavyouona mimi ushahidi wote kwa pamoja, jibu halimo kwenye jina la dawa. Limo kwenye swali la dawa inatolewa lini, na shingo ya mgonjwa iko katika hali gani wakati huo.

Kikulacho ki nguoni mwako

Tunaposema saratani ya kichwa na shingo hatumaanishi ubongo. Tunamaanisha mdomo, ulimi, tonsili, koromeo, zoloto linalotoa sauti, na sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua. Sehemu kubwa ya saratani hizi, kama tisa kati ya kumi, huanzia kwenye seli bapa za utando unaotanda humo. Visababishi vikuu ni tumbaku na pombe, hasa vikiwa pamoja. Virusi vya HPV, hususan aina ya 16, kwa saratani za tonsili na shina la ulimi. Na virusi vya Epstein-Barr kwa saratani ya nyuma ya pua. Karibu watu 900,000 duniani hugunduliwa kila mwaka.

Neno kinga lisimpoteze msomaji: tiba hii si chanjo, na hapewi mtu mzima wa afya ili asiugue. Ni tiba ya mtu ambaye tayari ana saratani, na kinachotibiwa hasa ni uhusiano kati ya saratani hiyo na askari wa mwili wake.

Askari hao ni seli T, aina ya chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupita mwilini wakikagua kila seli na kuiua iliyoambukizwa au iliyoharibika. Shida ni kwamba saratani ni seli zetu wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinga ya mwili hulelewa tangu mwanzo isishambulie nguo zake. Ili isizidishe ukali, kila seli T iliyoamshwa hubeba juu yake protini iitwayo PD-1, ambayo ni breki. Seli nyingine ikionyesha protini mwenzake, PD-L1, na zikagusana, breki inashikwa na seli T inatulia. Katika mwili mzima breki hii ni rehema, maana bila hiyo tungejila wenyewe. Saratani nyingi za kichwa na shingo zimejifunza kujivika PD-L1. Seli T inafika mpaka mlangoni kwa adui, inaguswa, inapoa.

Dawa kama nivolumabu na pembrolizumabu ni kingamwili zilizotengenezwa maabara ili kuifunika PD-1 isiguswe. Avelumabu na durvalumabu hufunika upande wa pili, PD-L1. Ni muhimu kulishika hili: dawa hizi haziui hata seli moja ya saratani kwa mkono wao. Zinaachia breki tu. Kama hakuna seli T iliyofunzwa kumtambua adui, kuachia breki hakusaidii, kwa sababu gari lenyewe halina dereva. Mengi ya yanayofuata yanajengwa juu ya sentensi hiyo.

James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuzigundua breki hizi kama njia ya tiba. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2016, Marekani ilikuwa imekwisha kuidhinisha pembrolizumabu na nivolumabu kwa saratani ya kichwa na shingo iliyorudi au kusambaa baada ya kemo. Katika utafiti uitwao CheckMate 141, nusu ya wagonjwa waliopata nivolumabu waliishi zaidi ya miezi 7.5, ikilinganishwa na 5.1 kwa waliopata dawa za kawaida. Ni tofauti ndogo. Uvimbe ulipungua kwa dhahiri kwa wagonjwa kama 13 tu kati ya 100. Lakini baadhi ya hao wachache waliendelea kuishi miaka, jambo ambalo kwa ugonjwa wa hatua hiyo halikuwa likionekana. Hao ndio waliowafanya madaktari waulize: je, tukiipeleka dawa mapema, kwa watu ambao bado wanaweza kupona kabisa?

Kwa nini mionzi ilionekana kuwa mchumba mzuri

Mionzi huvunja DNA ya seli. Hilo linajulikana tangu zamani. Lililokuja kueleweka baadaye ni kwamba namna seli inavyokufa ina maana yake. Vipande vya DNA iliyovunjika huvuja kutoka kwenye kiini na kuingia sehemu ya seli ambako DNA haipaswi kuonekana. Seli ina kitambuzi cha hatari kama hiyo, kilichowekwa kwa ajili ya virusi, na kitambuzi hicho hupiga king'ora: kemikali za kuita msaada zinamwagwa. Wakati huohuo seli iliyopasuka inaacha protini zake ngeni nje, ambako kila mpita njia anaziona.

Anayeziokota ni seli yenye matawi, mjumbe wa kinga ya mwili. Huzibeba mpaka kwenye tezi za limfu za shingo, zile ambazo mtu huzihisi chini ya taya anapoumwa koo. Humo ndani ndimo seli T changa zinapoonyeshwa sura ya adui, zinazaana kwa maelfu, kisha zinatumwa nje kuwinda. Kwa maneno mengine, mionzi ingeweza kuwa chanjo inayotengenezwa ndani ya uvimbe wenyewe. Na kwa kuwa mionzi pia huufanya uvimbe uongeze PD-L1 ili kujilinda, dawa ya kuachia breki ilionekana kuwa ndicho kipande kilichokosekana.

Hata jina la tumaini hilo lilikuwepo. Mwaka 1953 daktari Mwingereza R. H. Mole alielezea jambo alilolipa jina la athari ya mbali: mionzi inapigwa sehemu moja ya mwili, na mabadiliko yanaonekana sehemu nyingine isiyoguswa. Ni nadra mno. Mwaka 2012 ikachapishwa taarifa ya mgonjwa wa saratani ya ngozi ya melanoma, aliyekuwa akitumia dawa ya kinga, ambaye vivimbe vyake visivyopigwa mionzi navyo vilinywea baada ya kimoja kupigwa. Taarifa ile iliwasha watu. Lakini saratani ya kichwa na shingo iliyosambaa ilipojaribiwa kwa namna hiyo huko Marekani, kwa wagonjwa 62, nusu nivolumabu peke yake na nusu nivolumabu pamoja na mionzi mikali kwenye kivimbe kimoja, vivimbe vya mbali havikuonyesha tofauti. Nalisema hili wazi kwa sababu athari ya mbali inasimuliwa mara nyingi kana kwamba ni jambo la kutegemewa. Si la kutegemewa.

Kilichowatia madaktari moyo zaidi kilitoka kwenye mapafu. Utafiti wa PACIFIC, uliotolewa mwaka 2017, uliwapa wagonjwa wa saratani ya mapafu durvalumabu baada ya kumaliza mionzi na kemo. Muda wa kuishi bila ugonjwa kusonga mbele, ukipimwa kwa mgonjwa wa katikati, ulipanda kutoka miezi 5.6 hadi 16.8. Tazama neno baada. Wengi tulilipita haraka.

Miaka ya kuvunjika moyo

JAVELIN Head and Neck 100 ulikuwa utafiti mkubwa wa kwanza. Wagonjwa 697, wote wakipata mionzi kamili na sisplatini. Nusu wakaongezewa avelumabu kabla, wakati na baada ya mionzi, nusu wakapewa dawa bandia. Mwaka 2020 ulisimamishwa kwa kuwa hakukuwa na dalili ya faida. Matokeo yalipochapishwa, kwenye grafu ya kuishi bila ugonjwa kusonga mbele mstari wa waliopata dawa ulikuwa chini kidogo ya wa wenzao. Ukafuata KEYNOTE-412, wagonjwa 804, pembrolizumabu kwa mpangilio unaofanana. Safari hii kulikuwa na mwelekeo wa faida, ila haukufikia kiwango cha takwimu kilichowekwa mapema ili kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Kwa wasioweza kuvumilia sisplatini, watafiti walijaribu kuweka dawa ya kinga mahali pa setuximabu, dawa ya zamani kidogo inayoambatana na mionzi. Durvalumabu haikuwa bora. Saratani ndiyo kwanza ilirudi shingoni mara nyingi zaidi. Pembrolizumabu nayo haikuishinda setuximabu. Na kwa wagonjwa wa HPV, ambao kwa kawaida hupona vizuri, lilijaribiwa jambo lenye nia njema kabisa: kupunguza mionzi hadi Grei 60 na kutoa nivolumabu badala ya sisplatini, ili watu wabaki na mate na meno yao. Baada ya miaka miwili, karibu 98 kati ya 100 waliopata tiba kamili ya zamani hawakuwa na ugonjwa uliorudi, na kwa kundi la nivolumabu walikuwa kama 90. Tofauti hiyo ni watu. Mionzi pungufu na nivolumabu havikuweza kushika nafasi ya tiba kamili, na yeyote anayeahidi mionzi pungufu kwa sababu tu kuna dawa ya kinga anapaswa kuulizwa ushahidi wake.

Kwa nini? Maelezo yenye uzito zaidi yanaturudisha kwenye kile kinyago. Mionzi ya kichwa na shingo hailengi uvimbe peke yake. Kwa kawaida hupigwa pia tezi za limfu za shingo, mara nyingi pande zote mbili, hata zile ambazo hazionyeshi saratani kwenye picha, kwa tahadhari kwamba huenda mbegu za ugonjwa zimejificha humo. Tahadhari hiyo imeokoa wengi. Lakini chembe nyeupe za damu za jamii ya seli T ni miongoni mwa seli dhaifu kuliko zote mbele ya mionzi. Kiasi kidogo sana, ambacho uvimbe hata hausikii, kinatosha kuziua. Kwa wiki saba, kila siku ya kazi, tezi zinapigwa, na damu inayopita shingoni inapigwa ikipita. Hesabu ya chembe hizo kwenye damu huporomoka na huchukua miezi kurudi.

Kwa hiyo tulikuwa tukiachia breki za askari, na wakati huohuo tukichoma chuo walichokuwa wakifundishiwa. Majaribio ya panya yameonyesha hivyo waziwazi: tezi zikiachwa salama, mionzi na dawa ya kinga husaidiana, tezi zikipigwa au zikitolewa mapema, msaada huo hufifia. Ongeza na dawa za jamii ya steroidi ambazo mgonjwa wa sisplatini hupewa kuzuia kichefuchefu, ambazo kazi yake nyingine ni kuituliza kinga ya mwili.

Mwaka 2025

Utafiti wa KEYNOTE-689 ulitumia pembrolizumabu, dawa ileile ya KEYNOTE-412, pamoja na mionzi. Kilichobadilika hasa ni foleni, na upasuaji ukaingia. Wagonjwa 714 ambao saratani yao ingeweza kukatwa waligawanywa: nusu walikwenda moja kwa moja kwenye upasuaji kisha mionzi, pamoja na sisplatini kwa wenye hatari kubwa, nusu nyingine walipata dripu mbili za pembrolizumabu kabla ya kisu, wiki tatu kati yake, ndipo upasuaji, ndipo mionzi huku dawa ikiendelea hadi dozi 15 zaidi.

Fikiria shingo ya mgonjwa katika wiki zile za mwanzo. Uvimbe bado upo, umejaa protini ngeni za kufundishia. Tezi ziko salama, hazijapigwa wala kukatwa. Damu ina askari wake wote. Breki inaachiwa hapo. Kisha daktari mpasuaji anakitoa kile kipande cha ulimi au zoloto, na daktari wa patholojia anakiweka chini ya hadubini. Kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi waliopata dawa, alichokiona kilikuwa uvimbe uliokufa: saratani hai imebaki asilimia 10 au chini ya hapo, na kwingine kote ni mabaki ya seli na makovu, seli za kinga zikiwa zimejazana. Katika kundi la ulinganisho hakuna aliyekuwa hivyo. Dripu mbili tu, bila mionzi.

Muda wa kuishi bila tukio baya, kama ugonjwa kurudi au kusonga mbele, ukipimwa kwa mgonjwa wa katikati, ulikuwa miezi 51.8 dhidi ya 30.4. Hofu kubwa ya wapasuaji, kwamba kungoja kungewafanya wagonjwa wapitwe na nafasi ya kukatwa, haikutimia: katika makundi yote mawili karibu 88 kati ya 100 walifika chumba cha upasuaji. Mwezi Juni 2025 Marekani iliidhinisha mpangilio huu kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una kiasi fulani cha PD-L1.

Ningependa kusema kwamba hapo hoja yangu imefungwa, lakini mwaka huohuo ukaja utafiti wa Kifaransa, NIVOPOSTOP, wenye wagonjwa 680. Hawa walikatwa kwanza. Walikuwa na dalili za hatari kubwa ya kurudiwa, wakapata mionzi na sisplatini, na nusu wakaongezewa nivolumabu: dozi moja kabla ya mionzi, nyingine kadhaa wakati wa mionzi, na nyingine kadhaa baadaye. Baada ya miaka mitatu, 63 kati ya 100 hawakuwa na ugonjwa, dhidi ya 52 au 53. Kwa hiyo dawa na mionzi vinaweza kwenda sambamba na vikasaidia. Haitoshi kusema kwamba dozi iliyotangulia ndiyo iliyookoa, kwani hata JAVELIN na KEYNOTE-412 zilianza na dozi moja wiki moja kabla. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hapa uvimbe mkubwa ulikuwa umekwisha kutolewa, pamoja na namna zake zote za kuikandamiza kinga, na seli T zilizobaki zilikabiliwa na mabaki tu. Kazi ya kufagia si kazi ya kuvunja ngome.

Saratani ya nyuma ya pua inaongeza kipande kingine. Nchini China, utafiti wa CONTINUUM ulianza kutoa sintilimabu, dawa nyingine ya kufunika PD-1, pamoja na kemo ya awali, yaani wiki nyingi kabla ya mionzi, ukaendelea nayo hadi baada ya mionzi. Miaka mitatu baadaye, 86 kati ya 100 hawakuwa na tukio baya, dhidi ya 76. Hapa hapakuwa na kisu kabisa. Kulikuwa na uvimbe, tezi na askari, vyote vikiwa mahali pake wakati dawa ilipoingia. Hii ndiyo sababu watafiti sasa wanajaribu kutanguliza dawa ya kinga, na kupunguza eneo la tezi linalopigwa mionzi kwa wagonjwa ambao uvimbe wao umeitikia.

Yanayomhusu aliye kitandani

Kinga iliyoachiwa breki haichagui vizuri kila mara. Inaweza kushambulia mapafu, utumbo, ini, ngozi au tezi zinazotoa homoni, na inaweza kufanya hivyo miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Kuharisha kusikokoma, kukosa pumzi, kikohozi kipya, macho ya manjano au uchovu usio wa kawaida si mambo ya kuvumiliwa nyumbani mpaka tarehe ya kliniki. Daktari yeyote atakayemwona mgonjwa huyo, hata kwa jambo lingine, aambiwe kwamba aliwahi kupata dawa ya kinga. Tezi ya shingo iitwayo thairoidi iko kwenye hatari mara mbili, kwa sababu mionzi inaiumiza na dawa pia inaiumiza. Kipimo chake cha damu hakigharimu maumivu yoyote zaidi ya sindano, na kisisahaulike hata miaka baadaye.

Jambo moja naliona halisemwi vya kutosha. Nafasi ya kutumia dawa kabla ya upasuaji ipo mara moja tu. Mgonjwa akishakatwa, uvimbe uliokuwa darasa umeondoka, na mpangilio wa KEYNOTE-689 hauwezi kurudishwa nyuma; kinachobaki ni njia iliyo karibu na NIVOPOSTOP, kama dalili zake zinaruhusu. Kwa sababu hiyo mpasuaji, daktari wa mionzi na daktari wa dawa za saratani wanapaswa kukaa pamoja kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa. Na kile kinyama cha kwanza kilichochukuliwa kuthibitisha saratani kipimwe PD-L1 palepale, maana mara nyingi kinatosha, na majibu yake yanahitajika siku ya kikao hicho.